Solo ya gitaa inapopotea kwenye 7/8: dalili, chanzo na marekebisho

Mpiga gitaa la solo anayetoka kwenye 4/4 (mdundo wa kawaida, wenye noti nane za nane) na kuingia roki ya progresivu hukwama kwa namna zinazofanana sana, na mara nyingi hutibu ugonjwa usio wake. Anadhani vidole ni vizito, anaongeza mazoezi ya kasi, halafu solo inazidi kupotea. Kasi si tatizo. Karibu kila mara muda unavuja sehemu mbili tu: ndani ya kundi la mapigo matatu, na pale mwisho wa mzunguko mmoja unapoungana na mwanzo wa mwingine. Huko ndiko pa kuchunguza kwanza.

Hapa tunatumia 7/8 kama mfano mkuu kwa sababu inafichua makosa yote. Tukisema "pigo" tunamaanisha noti moja ya nane, yaani nusu ya noti ya robo. "Mzunguko" ni mapigo yote saba. Saba hazipigwi kama saba. Hugawanywa kwenye makundi ya mbili na tatu: 2+2+3, 3+2+2 au 2+3+2. Hizo ni midundo mitatu tofauti, na anayepiga solo ya 3+2+2 juu ya drams za 2+2+3 atasikika amekosea hata kama hesabu yake imetimia.

Pima kabla ya kutibu

Weka metronomu (kifaa kinacholia mapigo kwa kasi moja) kwenye noti za nane 120 kwa dakika na ujirekodi mizunguko 16 kwa hatua tatu. Kwanza piga makofi kwenye pigo la kwanza la kila kundi tu, gitaa likiwa chini. Pili shika gitaa, ziba nyuzi kwa kiganja karibu na daraja, upige uzi wa 6 (ule mnene kuliko yote) mtupu kwenye mapigo hayohayo. Tatu piga kifungu chako cha solo. Ukipotea kwenye makofi, tatizo ni sikio, na hakuna zoezi la vidole litakalolitibu. Makofi yakikaa lakini uzi wa 6 ukayumba, angalia mkono wa piki (kibao kidogo cha kupigia nyuzi). Ukipotea hatua ya tatu pekee, kifungu chenyewe kimepangwa vibaya. Usiruke kipimo hiki. Kinaokoa wiki nyingi za kufanyia mazoezi kitu kisichoumwa.

Dalili: unafika mwanzo wa mzunguko umechelewa pigo moja

Hili ndilo kosa la kwanza kwa kila mtu. Mwili umezoea nane, kwa hiyo noti ya mwisho ikiachwa ilie, mkono unasubiri pigo la nane ambalo halipo. Chanzo chake huwa ni noti ndefu kwenye pigo la 6 au la 7.

Piga kifungu chako hadi pigo la 6, na kwenye la 7 usipige noti. Gusa nyuzi kwa mkono wa kushoto bila kuzikandamiza na piga piki ili usikie "chk" kavu. Mlio huo mkavu unafunga mlango. Baada ya mizunguko 16 bila kosa, rudisha noti halisi kwenye pigo la 7 lakini ikate kabla ya 1. Kuiacha ilie kuvuka mpaka ni hatua ya mwisho kabisa, mwili ukishakubali kwamba 1 inakuja mapema.

Wapo wenye kasoro kinyume: wanakimbia na kufika mapema. Hao kundi lao la tatu linabanwa, mapigo matatu yanapigwa kama tripleti, noti tatu sawa ndani ya nafasi ya mawili. Sikiliza rekodi: mapigo ya 5, 6 na 7 yakisikika ya haraka kuliko 1 na 2, ndiyo hiyo. Washa metronomu ilie kila pigo na upunguze kasi hadi 90.

Dalili: ukihesabu kwa mdomo vidole vinasimama

Majina ya namba za Kiswahili ni marefu kwa kazi hii. Moja, mbili, tatu, tano, sita, saba: kila moja ina silabi mbili au zaidi. Noti za nane zikienda 240 kwa dakika, ni mapigo manne kwa sekunde, yaani silabi nane kila sekunde. Ulimi unashindwa, na ukishindwa unauvuta mkono.

Tumia maneno badala ya namba, silabi moja kwa pigo moja. Lakini hapa kuna mtego ambao walimu wengi hawauoni. Watu husema "pika pika karibu" wakiamini wamepata 2+2+3, kwa kuwa silabi ni mbili, mbili, tatu. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mkazo unaangukia PI-ka PI-ka ka-RI-bu: pigo la 1, la 3 na la 6. Hiyo ni 2+3+2! Mwanafunzi anajifunza mdundo mwingine kabisa, halafu anashangaa kwa nini hakai na drams.

Kwa 2+2+3 unahitaji neno la silabi tatu linalokazwa mwanzoni. "Lazima", kwa wanaolitamka LA-zi-ma, linafaa: "pika pika lazima" inakupa mkazo kwenye 1, 3 na 5. Ukiligeuza, "lazima pika pika", unapata 3+2+2. Na "pika pika karibu" ibaki kwa 2+3+2, ambako ndiko kwake. Sema maneno hayo ukitembea, ukiosha vyombo, bila gitaa, mpaka yaende yenyewe. Baadaye maneno nayo yatatoka na utabaki na uzito wa makundi tu.

Dalili: mzunguko wa kwanza una nguvu, wa pili umelegea

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wapigaji wazuri wanapoumia bila kujua sababu. Ukipiga noti saba za nane kwa piki inayopokezana, chini juu chini juu, pigo la 7 linaangukia chini. Basi pigo la 1 la mzunguko unaofuata linaangukia juu. Mzunguko wa tatu unarudi chini, na mwendo ni huo. Mkazo mkuu wa wimbo unapigwa kwa mwendo wenye nguvu (chini) mara moja na mwendo dhaifu (juu) mara moja. Sikio linasikia mizunguko miwili tofauti.

Chukua kifungu hiki cha E maina, 2+2+3 (C ni piki kwenda chini, J ni kurudi juu):

Pigo 1 na 2: uzi wa 3, freti 12 na 14 (C J)
Pigo 3 na 4: uzi wa 2, freti 12 na 15 (C J)
Pigo 5, 6 na 7: uzi wa 1, freti 12, 14 na 15 (C J C)

Angalia piki ilipo baada ya pigo la 7. Imeshuka na kupita uzi wa 1, iko upande wa sakafu. Pigo la 1 liko uzi wa 3. Ukiendelea kupokezana, piki inaruka nyuzi mbili hadi kati ya uzi wa 2 na wa 3, kisha inapiga kurudi juu: safari fupi, mkazo dhaifu. Ukiamua kupiga chini mara mbili mfululizo, inabidi piki ivuke nyuzi zote tatu na kusimama kati ya uzi wa 3 na wa 4 ndipo ishuke. Mkazo ni mzuri, lakini kasi ikipanda mruko huo ndio unaochelewesha pigo la 1.

Njia inayofaa zaidi kwa kifungu hiki ni ya tatu. Pigo la 7 usilipigie piki kabisa. Piga freti 14 kwa J, kisha gonga freti 15 kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, uzi ulie kwa kugongwa tu. Sasa piki imepiga mara sita: C J, C J, C J. Pigo la 1 linarudi chini kila mzunguko, na mkono wa kulia umepata nafasi ya pigo zima kuhamia uzi wa 3 bila haraka. Ugongaji uwe imara. Noti iliyogongwa ikififia, ncha ya kidole inaangukia mbali na chuma cha freti. Isogeze iwe karibu kabisa nacho.

Pamoja na hayo, jifunze kuanza kwa J pia. Dakika 10 kwa siku za kifungu hichohicho kikianzia juu zitaondoa udhaifu wenyewe badala ya kuuficha. Ukishahamia noti za kumi na sita (nusu ya noti ya nane) tatizo hili hupungua: mzunguko unakuwa na noti 14, namba shufwa, na kila 1 inaangukia chini.

Dalili: noti ni sahihi, hesabu ni sahihi, lakini solo inagombana na besi

Tazama mkono wa kushoto. Wengi wamejifunza skeli kwa noti tatu kila uzi. Noti saba kwa mpangilio huo zinakaa tatu, tatu, moja. Kila unapohamia uzi mpya, noti ya kwanza hutoka na uzito zaidi, upende usipende. Kwa hiyo unapiga 3+3+1 huku besi ikipiga 2+2+3.

Panga noti kwa makundi ya wimbo, si kwa umbo la skeli. Kifungu cha hapo juu kimefanya hivyo: kila kundi lina uzi wake. Kwa 3+2+2, uzi wa 3 upewe freti 11, 12, 14; uzi wa 2 upewe 12, 15; uzi wa 1 upewe 12, 15. Kwa 2+3+2, uzi wa 3 ni 12, 14. Uzi wa 2 ni 12, 13, 15. Uzi wa 1 ni 12, 15. Mkono haujahama mahali, na zote ni noti za E maina. Pentatonia, skeli ya noti tano yenye noti mbili kila uzi, inasaidia sana hapa: tayari ni makundi ya mbili, kazi yako ni kuongeza noti moja mahali pa kundi la tatu.

Dalili: hakuna kosa lolote, ila inasikika kama zoezi

Solo inaanza kwenye 1, inaisha kwenye 7, inaanza tena kwenye 1. Msikilizaji anasikia mtu anayehesabu. Chanzo ni hofu ya kupotea, na ni hofu ya halali. Lakini ukishaweza kupiga mizunguko 16 safi, iache.

Anza kufikiri kwa mizunguko miwili. Mapigo 14 yanagawanyika kwa uzuri: 5+5+4, au 4+4+6, au 3+3+3+3+2. Hilo la mwisho linapendeza kuliko yote juu ya 2+2+3, kwa sababu tatu tatu zinaelea juu ya drams kisha zinatua pamoja nazo mwishoni. Jaribu pia kunyamaza kwenye 1 na kuingia kwenye 3. Noti yako ndefu itue kwenye 5, mwanzo wa kundi la tatu, ambako kuna nafasi ya kupumua. Kifungu cha mapigo 5 kinachojirudia juu ya 7 kitakutana na mwanzo wa mzunguko baada ya mapigo 35, yaani mizunguko mitano; ukikitumia, panga kabla ni wapi utakiacha, la sivyo kitakuacha wewe.

Kama wimbo ni wako, hulazimiki kupiga solo ndani ya saba. Kwenye "Money" ya Pink Floyd ya mwaka 1973, mdundo mkuu ni 7/4 na saksafoni inapiga solo yake juu ya huohuo, lakini gitaa la David Gilmour likiingia bendi inahamia 4/4. Solo ikihitaji noti ndefu na za kuvutwa, huo ni uamuzi mzuri wa mpangilio.

Dalili: ukivuta uzi, noti inafika imechelewa

Kuvuta uzi kunachukua muda. Kwenye 4/4 nafasi ni kubwa na kasoro inafichika. Kwenye saba inaonekana. Kosa ni kupiga piki kwenye pigo unalotaka noti isikike, halafu ndipo uanze kuvuta.

Uzi wa 2, freti 15 ni D. Ukivutwa toni nzima unakuwa E. Piga piki kwenye pigo la 4, panda, na E isikike imekamilika kwenye 5. Ishikilie 5 na 6, kisha kwenye 7 ufunike uzi kwa kiganja cha kulia kabla hujaushusha, ili kushuka kusisikike. Hakiki sauti kwa uzi wa 1 freti 12, ambayo ni E hiyohiyo. Mtikiso wa noti ndefu nao ufuate noti za nane. Ukitikisa kwa tatu tatu juu ya kundi la mbili, kundi linayeyuka.

Dalili: peke yako uko sawa, ukiwa na mpiga drams unapotea

Muulize swali moja: hai-hati yako (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) inakwenda vipi? Wapiga drams wengi kwenye 7/8 hupiga hai-hati kwa noti za robo mfululizo. Mzunguko wa kwanza inaangukia 1, 3, 5, 7; wa pili inaangukia 2, 4, 6. Kwako inasikika kama mzunguko wa pili umepinduka, na unauhama ili uifuate. Usihame. Mapigo 14 ni robo saba kamili, mtakutana.

Zoezi lake: weka metronomu kwenye robo 80 na upige noti za nane 160 kwa makundi ya 2+2+3 dhidi yake. Siku za mwanzo piga uzi mmoja tu. Hatua ngumu zaidi ni metronomu inayolia mara moja kwa mzunguko. Kwa noti za nane 280 hiyo ni 40 kwa dakika, kasi ya chini kabisa kwenye metronomu nyingi za mshale. Kwa mwendo wa taratibu zaidi utahitaji programu ya simu. Na kama drams ziko kwenye 4/4 huku gitaa likiwa 7/8, mnakutana baada ya mapigo 56: mizunguko yako minane kwa saba yao.

Vifaa

Mambo machache yanayofanana na kosa la mpigaji. Vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti, na kwenye noti za nane 240, ambapo pigo ni milisekunde 250, ucheleweshaji huo unatosha kukutoa nje. Tumia vya waya. Programu za metronomu hazikubaliani juu ya 7/8 kwa 120: nyingine zinahesabu robo 120, kwa hiyo noti za nane zinakimbia 240. Pedali ya dilei (kifaa cha mwangwi) izimwe unapojifunza. Ukiiwasha, gawanya 60,000 kwa idadi ya noti za nane kwa dakika. Kwa 160 unapata milisekunde 375, na kila mwangwi utatua juu ya pigo.

Ukihama kutoka saba

5/8 ina matatizo yaleyale ya piki, kwani nayo ni namba witiri. 9/8 ina mtego wake: aliyekulia na chakacha na ngoma nyingine za 6/8 huisikia moja kwa moja kama 3+3+3. Ikiwa wimbo ni 2+2+2+3, jifunze kwanza yale makundi matatu ya mbili peke yake, kisha uongeze mkia. Kwa nyimbo zinazopokezana 7/8 na 5/8, msaada upo kwenye mdundo wa kengele wa Afrika Magharibi wa mapigo 12, unaokwenda 2+2+3+2+3. Ukate baada ya kundi la tatu utaona saba, kisha tano.

Samai ya muziki wa Kiarabu na Kituruki, 10/8 ya 3+2+2+3, inaweka kundi la mapigo matatu mwishoni na lingine mwanzoni, kwa hiyo kwenye kiungo cha mizunguko kuna tatu mbili mfululizo. Mtu akipotea kwenye samai, kwa kawaida amepotea hapo.

Na wanaojifunza "YYZ" ya bendi ya Rush, ya mwaka 1981: mwanzo wake ni herufi Y, Y na Z kwa msimbo wa Morse (herufi zinazotumwa kwa alama ndefu na fupi), ambazo ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto. Alama ndefu ni noti ya nane, fupi ni ya kumi na sita. Y ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu, jumla 7. Z ni ndefu, ndefu, fupi, fupi, jumla 6. Saba, saba na sita zinafanya noti 20 za kumi na sita, ambazo ni 10/8. Kosa la kawaida ni kuipa Z saba kwa mazoea ya Y mbili zilizotangulia, kwa kuinyoosha noti fupi ya mwisho. Piga zile fupi mbili kwa C na J bila kupumzika, na Y inayofuata ianze kwa C papo hapo.